UZI: Gitaa linalia kama nyuki badala ya kunguruma. Nimechoka kununua pedali

NyuziNzito (Nakuru)

Wadau, hamjambo nyote. Naomba msaada, na nitaeleza kwa urefu, maana nimeona maswali ya aina hii yakijibiwa "nunua pedali fulani", kisha mtu anabaki na pedali mbili na tatizo lilelile.

Tuko watatu: gitaa, besi na ngoma. Tunafanyia mazoezi katika chumba cha mabati huku upande wa Lanet. Muziki wetu ni mzito na wa taratibu, ule ambao noti moja ya chini inaachwa ivume mpaka ukuta uitike. Gitaa langu lina hambaka mbili (pikapu, yaani vinasa sauti, za koili mbilimbili). Nyuzi nimezishusha zote, ule wa sita umetoka noti ya E ukafika C. Pedali ni Boss MT-2, ya distoshani (mkwaruzo). Amplifaya ni ya kinanda, ina spika ya inchi 15 na twita (spika ndogo ya sauti za juu). Tuliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji.

Shida ni mbili. Ya kwanza, nikikanyaga pedali nasikia nyuki. Ngurumo hakuna. Ni kama mafuta ya kukaangia yaliyodondoshewa maji, chaaa, juu ya kila noti. Nikiongeza geini (nguvu ya mkwaruzo) nikidhani uzito utakuja, nyuki wanazidi na noti yenyewe inapotea.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Usiku nikiwa peke yangu, sauti ikiwa chini ili nisiamshe majirani, napunguza midi (sauti za katikati) yote, napandisha besi na trebo (za chini na za juu), na hapo ni raha tupu. Nikifika mazoezini na mpangilio uleule, ngoma ikianza tu, gitaa linazama. Naona vidole vyangu vinatembea lakini sisikii kitu. Naongeza sauti, mpiga besi naye anaongeza, baada ya nusu saa masikio yanalia na bado gitaa halipo.

Nimeambiwa pedali hii ndiyo mbaya. Siamini, kwa sababu nimesikia watu wakiipiga ikapendeza. Mwenye uzoefu anifungulie macho.

FundiLanet (Nakuru)

Ndugu, mimi kazi yangu ni kutengeneza amplifaya na spika, nyingi za makanisani. Pedali yako haina kosa lolote. Angalia spika.

Mkwaruzo ni nini? Wimbi la sauti linatoka kwenye gitaa likiwa na kilele cha mviringo. Pedali inalikuza kupita kiasi, kisha diodi au transista zinalikata kichwa na miguu, linabaki bapa. Kule kukatwa kunazaa sauti nyingine juu ya noti yako: mara mbili yake, mara tatu, mara tano, mara saba, kupanda tu. C yako ya chini ni Hz 65 (mitetemo 65 kwa sekunde), lakini ikishakatwa vizuri watoto wake wanafika Hz 10,000 na kupita.

Spika ya gitaa haiwezi kuwapeleka watoto hao wote. Celestion Vintage 30, ambayo imekaa ndani ya makabati mengi ya muziki mzito, kiwandani wenyewe wanaiandika Hz 70 hadi 5,000. Ikipita hapo inaanguka. Watu wakiona namba hiyo wanadhani ni spika duni. Sivyo. Ni chujio, na muziki huu wote umejengwa juu ya chujio hilo. Amplifaya ya kinanda ilitengenezwa ipeleke kila kitu kwa uaminifu, piano, filimbi, matoazi, na ile twita kazi yake ni huko juu. Inakuletea nyuki wote bila kubakiza hata mmoja.

Jaribu hivi kabla hujatoa hata shilingi. Chomoa plagi ukutani. Fungua nyuma, tafuta waya mbili zinazoingia kwenye twita, zitenganishe na ufunge ncha zake kwa tepu ya umeme zisigusane. Funga, washa, piga. Kisha urudi hapa utuambie.

Na ukitaka kujua spika ina uzito gani katika habari hii: mwaka 1964 mpiga gitaa Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichana karatasi ya spika yake kwa wembe ili apate mkwaruzo alioutaka. Mimi hulipwa kuziba spika zilizochanika hivyo, na kila nikipima moja kabla ya kuiziba huwa namkumbuka.

Mwanakwaya (Kakamega)

Naungana na fundi. Mimi napiga gitaa kanisani na amplifaya hatuna kabisa, naingia moja kwa moja kwenye mixa na kutokea spika kubwa za ukumbini. Kwa mwaka mzima kila nikigusa distoshani waumini wa mbele walikuwa wanageuka kuniangalia. Ilikuwa kama mtu anararua shuka kwenye maikrofoni.

Kilichonisaidia ni kuigiza spika. Kuna pedali ndogo na programu za simu zinazotumia faili fupi la sauti lililorekodi jinsi kabati fulani la spika linavyoitikia. Gitaa linapita ndani ya faili hilo kabla ya kufika kwenye mixa, na nyuki wanabaki nje. Kwa asiye na kifaa hicho, mixa ikiwa na ikwalaiza ya vijiti vingi, shusha kila kijiti kuanzia Hz 6,000 kwenda juu, vyote hadi chini. Si sawa kabisa na spika halisi lakini Jumapili inapita kwa amani.

Nina swali langu kwa fundi, samahani mwenye uzi. Gitaa langu lina pikapu za koili moja. Nikikanyaga distoshani bila kupiga kitu, nasikia mvumo mmmmm usiokwisha. Nikishika nyuzi unapungua kidogo. Je, ni waya?

FundiLanet (Nakuru)

Dada, huo mvumo ni stima yenyewe. Umeme wetu ni volti 240, Hz 50, na koili moja ni kama aerio, inaunasa kutoka kwenye taa, transfoma na waya za ukutani. Distoshani inaukuza pamoja na gitaa. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 alibuni hambaka: koili mbili zilizogeuziana nyuma kwa waya na kwa sumaku. Sauti ya nyuzi inajumlishwa, mvumo wa stima unajifuta wenyewe. Ukisogea mbali na transfoma ya mixa na kugeuka kidogo pembeni utausikia ukipungua.

Kupungua unaposhika nyuzi ni jambo jingine. Mwili wako nao unaleta kelele, na ukishika nyuzi unaunganishwa na ardhi ya amplifaya kupitia daraja la gitaa. Hiyo ni dalili njema, waya wa ardhi wa gitaa uko mahali pake. Ila hakikisha na extension ya kanisa ina ardhi ya kweli. Nyingi ninazofungua nakuta pini kubwa ya tatu ni pambo tu, ndani haina waya.

Na hapa nasema kwa herufi kubwa: USIKATE PINI YA ARDHI ILI KUONDOA MVUMO. Nimeona watu wakifanya hivyo. Siku amplifaya ikipata hitilafu, umeme unapita kwenye nyuzi za gitaa, mkononi mwako, mpaka mdomoni ukigusa maikrofoni. Mvumo huvumilika.

NyuziNzito (Nakuru)

Nimerudi. Nimetoa twita jana jioni.

Fundi, Mungu akubariki. Nimepiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) nikakaa chini. Nyuki hawajaisha wote, lakini waliobaki wako mbali, kama mzinga ulio shamba la jirani. Sasa nasikia mbao ndani ya sauti, nasikia kiganja kikigusa nyuzi. Miaka miwili nilikuwa nalaumu kisanduku cheusi kisichokuwa na hatia.

Lakini tatizo la pili liko palepale. Leo asubuhi tumefanya mazoezi, ngoma ikaingia, gitaa likazama kama jiwe ziwani.

Jabesi (Kisumu)

Omera, hilo niachie mimi. Mimi ni mpiga besi, nimekulia Kondele, na benga, muziki wetu wa gitaa wa Waluo, ndiyo iliyonifundisha kazi.

Sikiliza benga vizuri. Gitaa liko juu kabisa, jembamba, linachomachoma kwa vidole kama nyatiti, kinubi chetu. Besi iko chini, na haikai kimya nyuma ya watu, inaongea, inauliza na kujibu. Ngoma inapiga katikati yao. Hakuna anayeishi katika nyumba ya mwenzake. Ndiyo maana bendi ya benga inaweza kupiga kwenye spika mbovu, uwanjani, upepo wa ziwa ukivuma, na bado unasikia kila mtu anasema nini.

Wewe umefanyaje? Umepandisha besi ya gitaa mpaka mwisho. Umeingia nyumbani kwa mpiga besi wako. C yake ni Hz 33, mara mbili yake ni 65, hapohapo ulipo wewe, na teke la ngoma kubwa nalo liko mtaa huohuo. Watu watatu mlango mmoja. Kisha umepandisha trebo, ambako matoazi yanakaa. Na midi, yaani kuanzia kama Hz 400 hadi 2,000, ambako hakuna mwingine anayepataka na ndiko gitaa lilizaliwa, umepafuta kabisa. Umehama kwako ukaenda kupanga kwa watu.

Unajiuliza mbona usiku ilipendeza. Sikio ndilo lililokudanganya. Wanasayansi Fletcher na Munson walipima jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi na trebo kwa udhaifu kuliko midi. Ndiyo maana ukipiga kwa sauti ndogo unaona midi imezidi, unaipunguza, unafurahi. Sauti ikipanda mazoezini sikio linabadilika, besi inafurika, na ile midi uliyoitupa huwezi kuiokota. Mpangilio wa usiku uache usiku.

Fanya hivi. Kwenye MT-2 yako kuna nobu ya ghorofa mbili kwa ajili ya midi: moja ni kiasi, nyingine inachagua mahali, kuanzia Hz 200 hadi 5,000. Watu wengi wanaigeuza ya kiasi hadi chini na kusahau ile nyingine ipo. Iweke kwenye kama Hz 800 hivi, kisha upandishe kiasi kupita nusu kidogo. Besi ya pedali ishushe chini ya nusu. Ukiwa peke yako itasikika vibaya, kama mtu anayesemea puani. Usiguse! Subiri besi na ngoma ziingie.

Uzito si wa gitaa peke yake. Watu wanasikiliza rekodi, wanasikia kitu kinawaponda kifua, wanadhani ni gitaa. Mara nyingi kinachoponda ni besi inayopiga rifu (kipande kinachorudiwarudiwa) ileile chini yake, na gitaa limekaa juu likitoa makali. Mwambie mpiga besi wako naye atie mkwaruzo kidogo, mdogo sana, uone.

Litungu77 (Bungoma)

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia na ninapiga litungu, kinubi cha Wabukusu, lakini mjukuu wangu anapiga muziki huu wenu na nimeuzoea. Niongeze mawili.

La kwanza ni hizo kodi zenu za noti mbili. Mnajua kwa nini zinapendeza na mkwaruzo kuliko kodi kamili? Chukua C ya Hz 65.4 na G iliyo juu yake, Hz 98. Uwiano wake ni mbili kwa tatu. Mkwaruzo ukizipitia pamoja, mbali na watoto wa kila noti, unazaa pia tofauti ya hizo mbili: 98 ukitoa 65.4 ni karibu 33. Hiyo ni C nyingine, oktavu moja chini, ambayo hakuna kidole kilichoipiga. Uzito mnaoutafuta umo ndani ya hesabu hiyo. Ukiongeza noti ya tatu ya kodi, tofauti zinakuwa nyingi na hazipatani na mzizi, hasa kwa kuwa noti hiyo kwenye gitaa haikai sawasawa na uwiano wake wa asili. Matokeo ni matope. Kadiri mkwaruzo unavyokuwa mwingi ndivyo noti zinavyopaswa kuwa chache.

La pili ni la moyo. Nasikia vijana wakiambiwa kwamba sauti ya kukwaruza ni ya kigeni. Mbira ya Washona hufungwa vifuniko vya chupa au magamba ya konokono ili kila noti iambatane na mchakacho. Begena ya Ethiopia, kinubi cha nyuzi kumi, huwekewa vipande vya ngozi chini ya nyuzi kwenye daraja ili ivume kwa mkwaruzo, na hiyo ni ala ya sala. Na mpiga nyatiti anavaa gara (njuga) mguuni na chuma kiitwacho oduong' kwenye kidole gumba cha mguu, anagonga nacho ukingo wa ala. Bara hili limependa sauti yenye vumbi tangu zamani. Msione haya.

NyuziNzito (Nakuru)

Mzee, shikamoo. Hayo ya begena nimeyasoma mara tatu, na nimempelekea mama yangu ambaye huwa ananiuliza kwa nini naharibu gitaa zuri.

Nimejaribu maneno ya Jabesi. Mpiga ngoma wetu ndiye aliyesimamisha wimbo katikati na kusema, "Leo nakusikia." Hatujaongeza sauti hata kidogo, kwa kweli tumepunguza.

Limebaki moja. Nikipiga haraka kwenye uzi wa sita, nikiuzima kwa kiganja, tug-tug-tug, linatoka donge. Mwanzo wa kila noti umelegea. Nikipunguza besi kwenye pedali donge linapungua lakini sauti inakonda. Nikiirudisha, donge linarudi. Nimezunguka hapo wiki nzima.

FundiLanet (Nakuru)

Besi ya MT-2 inafanya kazi baada ya mkwaruzo kutokea. Wewe unahitaji kuipunguza *kabla*.

Fikiria kinachoingia kwenye pedali. Uzi mnene ndio wenye nguvu nyingi kuliko zote. Ukiingia mzima mzima, wenyewe ndio unaokatwa kichwa kwanza na kwa muda mrefu, na kila kitu kingine kinapanda juu ya mgongo wake kikitikisika. Hilo ndilo donge. Ukikata besi mlangoni, mkwaruzo unapata kitu chepesi na chenye makali, kisha ukishamaliza unarudishia besi upande wa pili, kwenye amplifaya. Kata kabla, rudisha baada. Ukiuliza fundi yeyote wa sauti nzito atakwambia hivyo kwa maneno yake.

Ndiyo siri ya ile pedali ya kijani, Ibanez Tube Screamer, ambayo inaanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Wapiga blues wanaitumia kwa mkwaruzo wake mwepesi. Wapiga metali wanaiweka mbele ya amplifaya yenye geini nyingi, drive (nobu ya mkwaruzo) wanaifunga hadi sifuri, level (nobu ya sauti) wanaifungua hadi mwisho. Hawahitaji mkwaruzo wake. Wanataka umbo lake: kila kilicho chini ya takriban Hz 720 hakikuzwi kama vilivyo juu, midi inasimama, besi inabaki nyuma. Tony Iommi wa Black Sabbath naye alipitisha gitaa kwenye kisanduku cha kuongeza trebo, Dallas Rangemaster, kabla ya kufika kwenye amplifaya yake ya Laney, na huyo ndiye watu wanayemtaja kuwa baba wa uzito. Alipunguza uzito mlangoni ili autoe mkubwa mwishoni.

Iko mitindo mingi ya saketi hiyo, hata fundi anaweza kukuundia kwa chipu moja na diodi mbili. Usitafute jina, tafuta saketi.

NyuziNzito (Nakuru)

Na nyuzi? Nina seti ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi).

Jabesi (Kisumu)

Kwa C? Omera, hizo ni kamba za kuanikia nguo. Weka 12 hadi 56 au zaidi. Uzi ukilegea, ukiupiga kwa nguvu unaanza juu ya noti yake kisha unateremka, hapo hata tuna, kifaa cha kupimia noti, haiwezi kukusaidia.

Utaambiwa Iommi alitumia nyuzi nyembamba na akashusha. Ni kweli, lakini alikuwa na sababu. Alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, naye ni mashoto, kwa hiyo ni mkono wa kubonyezea nyuzi. Alijitengenezea kofia za vidole kwa plastiki na ngozi, na nyuzi laini zilimpunguzia maumivu. Wewe una vidole kumi.

Ukibadilisha unene, mpelekee fundi gitaa akurekebishie shingo na daraja. Nyuzi nene zinavuta zaidi na mfereji wa nati (kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo) huenda ukahitaji kupanuliwa.

Mwanakwaya (Kakamega)

Naomba kuuliza jambo ambalo wengi wanaliogopa. Kila nikisoma, naambiwa bila amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) hakuna sauti nzito ya kweli. Huku kwetu valvu tutazitoa wapi, na zikiungua?

FundiLanet (Nakuru)

Valvu ni nzuri, sitadanganya. Marshall JCM800 ya mwaka 1981 na Peavey 5150 ya mwaka 1992 zimejenga nusu ya muziki huu. Ukiipata moja ya mtumba iliyo nzima, ichukue, ila mambo matatu uyajue. Nyingi zinazotoka Marekani ni za volti 120, ukiichomeka kwenye 240 yetu unaiua kwa sekunde moja. Angalia nyuma kabla ya kuwasha. Usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ndiyo sehemu ghali. Na usiifungue mwenyewe: kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi.

Lakini kusema ni lazima, hapana. Mwaka 1990 bendi ya Entombed ya Uswidi walitoa albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa Sunlight Studio mjini Stockholm, na ule msumeno uliotikisa dunia ya death metal ulitoka kwenye Boss HM-2, pedali iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, nobu zote zimefunguliwa hadi mwisho. Ndani hakuna valvu hata moja, ni transista, chipu na diodi. Pedali hiyo inafanya nini? Inanyanyua besi ya chini na inanyanyua mno midi ya juu, karibu na Hz 1,000. Tunarudi palepale alipotuacha Jabesi.

Kwa fedha chache ulizonazo, mpangilio wangu ni huu, na nitautetea mbele ya yeyote: spika ya gitaa kwanza, kisha kitu cha kukata besi mlangoni, kisha nyuzi zinazofaa, na pedali ya distoshani mwisho kabisa, kwa sababu yoyote iliyo nzima itakufikisha.

NyuziNzito (Nakuru)

Wadau, hii ni ripoti baada ya wiki sita.

Nilipata spika ya gitaa ya inchi 12, ya om 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), kutoka kwenye amplifaya iliyokufa transfoma. Seremala wa mtaani amenitengenezea kabati la plaiwudi nene, nyuma limefungwa, viungo vyote vimepakwa gundi na kupigwa skrubu. Fundi alikagua kama amplifaya ya kinanda inaweza kuendesha om 8, akasema ndiyo, akatoa waya hadi nje. Siku ya kwanza nilikosea, nililiweka kabati kwenye kona, chini sakafuni, na donge likarudi lote. Kona inakuza besi. Tumelisogeza mbali na kuta na kulipandisha juu ya kreti mbili za soda, limekaa sawa na masikio yangu. Kwa mara ya kwanza nasikia kile ambacho wengine wanasikia, maana zamani kabati lilikuwa linapigia magoti.

Pia mabati. Nikipiga C na kuiacha, kulikuwa na mlio wa bati moja juu ya mlango unaoitika kwa kelele yake, na muda mrefu nilidhani ni spika imechanika. Tulizunguka chumba chote mmoja akipiga, wawili wakibonyeza mabati kwa fimbo ya ufagio mpaka tukalipata. Msumari ulikuwa umelegea. Tumeupiga pamoja na kipande cha tyubu ya baiskeli. Mwenye chumba cha mabati aanzie hapo kabla ya kulaumu kifaa chochote.

Mpangilio wangu wa sasa ni hivi: gitaa, kisha ovadraivu (pedali ya mkwaruzo mwepesi) ya saketi ya kijani ambayo fundi aliniundia, drive sifuri, level karibu mwisho, tone wima. Halafu MT-2, dist robo tu. Robo! Zamani ilikuwa mwisho kabisa. Midi kwenye Hz 800 au juu yake kidogo, imepandishwa kupita nusu. Trebo chini ya nusu. Besi nusu. Kwenye amplifaya besi nimeiongeza kidogo, si zaidi ya theluthi mbili. Nyuzi ni 12 hadi 60.

Geini ikiwa robo, mkono wa kulia unafanya kazi zaidi, lazima nipige kwa dhamira. Mwanzoni niliona uchovu. Sasa nikipiga kwa upole gitaa linasema kwa upole, nikipiga kwa hasira linaunguruma, na hilo sikuwa nalo kabisa wakati nobu iko mwisho.

Mwanakwaya (Kakamega)

Hongera sana! Umerekodi?

NyuziNzito (Nakuru)

Kwa simu, dada. Nimepiga rifu ileile mara mbili, nikaweka moja sikio la kushoto na nyingine la kulia, geini nikiipunguza zaidi ya ninavyopiga mazoezini. Zikikutana zinakuwa nene zenyewe. Nilijaribu kunakili moja na kuiweka pande zote mbili, haikutoa kitu, ikabaki katikati kama gitaa moja lenye sauti kubwa. Lazima mkono upige mara mbili, zile tofauti ndogondogo za vidole ndizo zinazoifungua.

Jabesi (Kisumu)

Na besi? Umemwachia mwenzako nyumba yake?

NyuziNzito (Nakuru)

Nimemwachia. Jana tulicheza ule wimbo wa taratibu, amepiga C yake na mkwaruzo mdogo kama ulivyosema, nami yangu juu yake. Nilizima nyuzi zangu kwa kiganja kabla ya wakati ili nisikie nimetoa nini. Sauti iliyobaki chumbani ilikuwa yake peke yake, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Kumbe sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nakiita gitaa langu ilikuwa ni yeye. Nikarudisha mkono, makali yakarudi juu. Tumekaa kwenye noti hiyo mpaka stima ikapotea.

FundiLanet (Nakuru)

Kesho nipitishie hiyo ovadraivu, nataka kubadilisha kapasita moja ya kuingilia. Nadhani tunaweza kuikaza zaidi kidogo.